Shajara ya mradi: nani anaula mwamba wetu?

17 Novemba 2024. Bamvua la mwezi mpevu, maji kutoka saa nne asubuhi

Tumeanza. Kamati ya wavuvi ya shehia ilituuliza jambo moja, naliandika hapa lisije likapotea njiani: weupe ulioonekana kwenye fungu lililo baina ya pwani yetu ya Pemba na kisiwa cha Misali umetoka wapi? Wavuvi wengi wanasema ni joto la kaskazi iliyopita. Si dhana mbaya. Aprili mwaka huu NOAA, idara ya Marekani inayofuatilia bahari na anga, ilitangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne, na magharibi ya Bahari ya Hindi imo. Wazee nao hawajaisahau 1998, mwamba ulipogeuka mweupe kisha ukaota majani.

Tuko sita. Vijana wawili wa kuzamia, nahodha, mimi mshika penseli, na akina mama wawili wachokoaji pweza. Mmoja wao ni shangazi yake mama, kwa hiyo kwangu ni bibi, na fungu hili analijua jiwe kwa jiwe. Miwani ya kuzamia tunayo mitatu, mmoja unavuja.

Kazi ya leo ilikuwa kuusoma weupe, maana weupe si wa namna moja. Tumbawe lililopauka kwa joto bado lina nyama yake. Ukiinama vizuri utawaona vinyama wake, wembamba kama utando wa yai. Kilichoondoka ni ule mwani mdogo mno unaoishi ndani yao na kuwapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Alipopita pono utaona jiwe lenyewe limekwanguliwa kwa meno. Alipokaa kile kiti cha pweza chenye miiba mingi, ambacho hutoa tumbo lake nje na kulitandaza juu ya chakula, utakuta doa pana, safi. Tulichokiona leo ni kingine. Matawi yamevuliwa nyama kuanzia shinani kupanda juu. Ukingo wa doa umekatika ovyo. Jiwe ni zima, vitundu vyake vyote vinahesabika, na ncha za matawi bado hai, rangi ya hudhurungi. Chini ya weupe kuna ukijani, mwani umeshaota: hapo paliliwa wiki kadhaa zilizopita. Aliyekula anapanda polepole na hana haraka na mtu.

Bibi akatia mkono katikati ya matawi, akatoa kitu kama kijiwe cha waridi.

"Haya, mwanangu. Mwizi wako huyu."

"Bibi, hicho si kijiwe tu?"

Akakigeuza. Kijiwe kikafunga mlango.

Kwa jina la kitaalamu ni Drupella cornus. Ganda lake nene, lina vinundu, na mara nyingi limefunikwa na ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoota juu ya mawe, ndiyo maana macho yanamruka. Mkubwa hafiki urefu wa kidole cha shahada. Ni wa ukoo wa Muricidae, ukoo uleule wa konokono waliowapa watu wa kale wa Bahari ya Kati rangi yao ya zambarau ya kifalme. Akina mama hawamli wala hawana jina maalumu kwake. Kwao ni kikome tu, hana nyama ya kutosha hata kumpa paka.

Kwenye kichaka kimoja cha tumbawe la matawi, kisichozidi upana wa ungo, tulihesabu 31. Nilirudi nyumbani nikiwa na neno moja kichwani: uvamizi.

19 Novemba

Tumeokota. Lilikuwa wazo la vijana, nami sikulipinga. Nilikuwa nimekesha nikisoma habari za Ningaloo, magharibi ya Australia, ambako miaka ya 1980 konokono hawa waliongezeka mpaka sehemu kubwa za mwamba zikabaki mifupa. Kila mmoja alishika waya uliokunjwa ncha, tukaenda tunachokonoa kichaka baada ya kichaka, tukatia kwenye pakacha.

Mambo mawili ya aibu. La kwanza: pakacha lilipotuliwa mchangani, konokono kumi na mmoja waliota miguu wakakimbia. Walikuwa kaa, wale wanaoishi kwenye makombe ya kuazima. Hesabu yetu ya juzi nayo basi ina kaa ndani yake, ile 31 naiwekea alama ya kuuliza. Kuanzia leo hakuna kuhesabu kabla ya kugeuza na kuona mlango: konokono mwenyewe ana kifuniko cha hudhurungi kama ukucha, kaa ana makucha.

La pili: ndoo niliiacha nyuma ya jiko la mama. Kufika alasiri jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mama hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akaifunika ndoo kwa bati na kuweka jiwe juu. Nimewazika chini ya mnazi.

3 Desemba. Bamvua la mwezi mwandamo

Leo hatukuokota. Tulipima.

Wazo lilikuwa la bibi bila yeye kujua. Aliniuliza juzi, "Hao wako wana umri gani?" Nikakosa jibu. Mtu anayesema "wamezaliwa wengi" sharti ajue wamezaliwa lini. Tukaazima kalipa kwa fundi wa mashine za boti, tukawapima mmoja mmoja kutoka ncha ya ganda mpaka mwisho wa mdomo, tukawarudisha palepale.

Karibu wote ni watu wazima. Wengi wako baina ya sentimita mbili na nusu na tatu na nusu. Wadogo wa chini ya sentimita moja tulipata wanne tu, tena ndani kabisa, kwenye matumbawe ya matawi yaliyosongamana ambamo hata kidole cha mtoto hakipiti. Wadogo hujificha hivyo, kwa hiyo huenda tumewakosa wengine. Lakini hata nikizidisha mara tano, picha haibadiliki.

Drupella huchukua takriban miaka mitatu kufikia kuzaa. Konokono wa sentimita tatu aliyeko kwenye kichaka hiki leo hakuzaliwa na joto la Aprili. Alikuwepo kabla. Alikuwepo fungu lilipokuwa na matawi mengi, akala hapa kidogo na pale kidogo, kidonda kikapona nyuma yake. Joto likaua matawi mengi. Yeye halikumuua. Akahamia kwenye yaliyobaki, na wenzake wakahamia hukohuko.

Nimelifuta neno uvamizi kwenye ukurasa wa kwanza. Nimeandika: wamebanana. Bado ni habari mbaya kwa tumbawe lililosalimika, pengine mbaya zaidi, kwa sababu lililosalimika ndilo mbegu. Huko Koh Tao, Thailand, baada ya joto la 2010 konokono hawa walianza kula hata matumbawe uyoga ambayo kabla ya hapo walikuwa hawayashughulikii sana. Njaa haichagui sahani.

4 Desemba, usiku. Maji kutoka saa nne usiku

Tumeenda na tochi baada ya isha. Nahodha hakupenda. Alikuja kwa sababu hakutaka sisi twende bila yeye, na alitwambia hivyo kila baada ya robo saa.

Mchana konokono hawa wako shinani, wamebanwa kama watu kwenye gari la abiria siku ya sikukuu. Usiku wanatoka. Tuliwaona wakipanda matawi, mguu umeshika tawi, na mbele yao mrija laini umenyooshwa mpaka kwenye nyama hai. Ndani ya mrija huo kuna ulimi wenye meno, kama tupa. Konokono wengi wa ukoo huu ni watoboaji, hukaa na chaza siku nzima wakimchimba ganda. Meno ya Drupella ni marefu, membamba, kama brashi. Kazi yake ni kufagia nyama juu ya jiwe, ndiyo sababu jiwe linabaki zima. Tumbawe hujitetea kwa ute na kwa chembe zinazochoma. Tuliuona ute ukining'inia kama uzi wa embe. Haukumzuia yeyote.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hawali kila mtu kivyake. Wamepanga mstari kwenye ukingo wa doa, bega kwa bega, kama wavunaji wa mpunga. Harufu ya tumbawe lililojeruhiwa huwaita, na anayekula huwaita wasiokula. Kumbe upweke haumfai konokono. Tumbawe lisilo na kidonda hujitetea vizuri zaidi, lililokwisha kufunguliwa ni karamu.

Tulitia alama ya uzi wa bluu kwenye kichaka kimoja. Kila tukija tutapima doa lake.

10 Desemba

Maji mafu, mvua ya vuli, upepo. Hatukutoka.

16 Desemba. Bamvua

Leo tulikwenda upande wa ndani, kwenye matumbawe mabonge, yale makubwa kama vibanda ambayo joto liliyapausha lakini halikuyaua. Nilitarajia kukuta amani.

Juu ya bonge moja kulikuwa na viupele kama vya ndui. Kila kiupele ni konokono aliyekaa palepale muda mrefu, ganda limefunikwa na uchafu, na ukimbandua ndani ya mdomo wake ni zambarau iliyokoza. Coralliophila violacea. Huyu na Drupella ni ndugu wa ukoo mmoja lakini tabia zao kama bara na pwani. Huyu hana meno kabisa. Amepoteza ule ulimi wa tupa, anafyonza tu. Haendi mahali. Bonge linajitengenezea sukari kwa jua kupitia mwani wake, na sukari inapita kwenye nyama kwenda kunakohitajika. Konokono ameweka mdomo wake njiani, kila siku anachukua fungu lake, na bonge linaendelea kupeleka chakula pale alipo kana kwamba pana kidonda cha kuponya. Doa jeupe halionekani ila ukimwondoa, na hapo ni pa ukubwa wa kiatu chake tu. Mwenyewe nimemwita mpangaji asiyelipa kodi lakini pia habomoi nyumba.

Sasa uzazi wake. Wakubwa walikuwa wamezungukwa na wadogo. Nikawaambia wenzangu kwamba wadogo wote ni madume na wakubwa ni majike, na kwamba si watoto na mama: kila mmoja huanza maisha yake akiwa dume, akikua hugeuka jike. Kijana mmoja akacheka mpaka akaingiwa na maji puani. Bibi hakucheka.

"Na chewa je? Si nawe ulinambia chewa huanza jike akawa dume?"

"Ndivyo, bibi."

"Basi huyu kakutana naye njiani."

Tulimfungua jike mmoja mkubwa, mmoja tu, kwa kuwa kibali chetu kinaruhusu sampuli chache. Chini ya ile ngozi inayofunika mwili kulikuwa na vifuko vidogo vya manjano vimepangwa, vimejaa mayai. Hawatagi nje. Hubeba mayai ndani ya ganda mpaka yaanguliwe, ndipo watoto watoke wakiogelea. Maana yake kwa waokotaji: ukimwondoa jike huyu, umeondoa na mayai yake. Lakini huyu ndiye asiyekuwa na haja ya kuondolewa.

Na yule mwingine, Drupella, anaweka wapi ya kwake? Sisi tumeokota pakacha zima na hatukuona hata yai moja.

1 Januari 2025. Bamvua la mwezi mwandamo

Tumeyaona. Nusu saa nzima nimekaa juu ya mwamba, maji kiunoni, nacheka peke yangu.

Tulikuwa tunatafuta mahali wanapokula. Kosa letu lilikuwa hilo. Hawatagi juu ya chakula, kwa sababu tumbawe hai lingeyachoma mayai. Huteremka chini, kwenye shina lililokufa, upande wa kivuli, wakabandika vifuko pale. Bibi ndiye aliyeviona, kwa sababu yeye huinama kutazama mashimo ya pweza na sisi hutazama matawi. Vifuko ni vidogo, rangi ya maziwa, vimebanana kama gamba juu ya jiwe, na juu yake konokono kadhaa wametulia. Huwa wanataga pamoja. Ndani ya kila kifuko mna mayai kwa mamia.

Nikakumbuka pakacha letu la Novemba. Tuliwaondoa wakubwa tukaondoka tumeridhika, na chini ya mashina yaleyale huenda tuliacha maelfu kwa maelfu.

Tofauti na mpangaji wetu wa zambarau, Drupella dume hubaki dume na jike hubaki jike. Dume hupandisha jike mbegu ndani ya mwili. Kuwatofautisha kwa nje haiwezekani. Sharti atoke kwenye ganda umtazame nyuma ya pembe ya kulia kama ana uume. Hata hapo kuna mtego. Konokono wa ukoo huu wanaoishi karibu na bandari wamejulikana kwa miaka mingi kuota uume ilhali ni majike, kwa sababu ya rangi zenye bati zilizokuwa zikipakwa matumbo ya meli kuzuia chaza na mwani. Rangi hizo zimekatazwa kimataifa tangu 2008. Fungu letu liko mbali na bandari kubwa lakini nimeandika ili anayetufuata asije akajiamini kupita kiasi.

5 Januari

Vifuko nane nilivichukua juu ya kipande cha jiwe lililokufa, nikavitia kwenye ndoo ya maji ya bahari na kijipampu cha hewa cha betri. Siku ya tatu vimekuwa vyeupe kama chaki na vinanuka. Nimechunguza kila kitu: joto, chumvi, hewa. Kisha mdogo wangu akasema ndoo ile alinioshea yeye, kwa sabuni ya unga, ili niwe nayo safi.

Sikumkaripia. Alikuwa ananifanyia wema.

16 Januari. Bamvua, siku chache baada ya sherehe za Mapinduzi

Ndoo mpya, imeoshwa kwa maji ya bahari na mchanga. Vifuko vipya, safari hii vile vilivyokwisha kugeuka rangi ya hudhurungi, na mwalimu wa bayolojia katika skuli ya sekondari akatukubalia kutumia hadubini yao baada ya saa za masomo.

Kifuko kimoja kilichofunguliwa kwenye tone la maji. Sijui nieleze vipi. Vitu vidogo kuliko chembe ya vumbi, mamia, vinazunguka. Kila kimoja kina kiganda chembamba kinachopitisha mwanga, macho mawili meusi, na mbele yake matanga mawili ya duara yenye vinyweleo vinavyopiga maji. Wataalamu huwaita veliga, neno linalotokana na tanga katika Kilatini. Mwanafunzi mmoja aliyepanga foleni kutazama akasema, "Mwalimu, kama dau!" Mwalimu akasema dau lina tanga moja. Mtoto akasema basi dau la matanga mawili.

Hawa hawakai. Wakitoka kwenye kifuko wanapanda na maji, wanakula vijimea vya planktoni wanavyovikamata kwa vinyweleo, na huelea hivyo wiki kadhaa kabla ya kutafuta mwamba wa kushukia na kuyakunja matanga. Katika muda huo bahari inaweza kuwachukua mbali sana. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kaskazi hupungua kasi tu.

Nahodha, aliyekuja kwa ajili ya kutusubiri tu, aliposikia hilo akauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mimi mwezi wa kumi na moja. "Basi sisi tunaokota wa nani?"

Konokono wa fungu hili hawakuzaliwa fungu hili, au wengi wao. Waliletwa na maji kutoka kusini, na watoto wao tunawapa walio kaskazini. Kuwaokota kote kwa nia ya kuwamaliza ni kufua maji kwenye ngalawa yenye tundu.

31 Januari

Tulikaa barazani na kamati. Niliwapelekea mambo matatu, wakanirudishia manne.

Nilisema kwanza kwamba weupe ni wa konokono zaidi kuliko joto, ila joto ndilo lililowakusanya. Hilo lilipita bila ugomvi. Nikasema pili tuache kuokota fungu zima, badala yake tuchague vichaka kumi na viwili vya matawi vilivyosalimika, vile vikubwa vyenye afya, tuvilinde hivyo tu: kila bamvua tuvipitie, tuondoe wakubwa kwa mkono, na tukwangue vifuko shinani kabla havijageuka hudhurungi. Hilo nalo wakalikubali, akina mama wakasema watalichukua wao kwa kuwa wanapita huko kila bamvua.

La tatu lilikuwa gumu. Tim McClanahan, aliyechunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1994 makala kuhusu konokono huyuhuyu kuongezeka kwenye mabwawa ya miamba ya huko. Konokono wakubwa wana adui wachache: samaki wenye taya za kuvunja ganda, khasa kikande, na wengine wa namna yake. Pweza naye hula makombe, huyatoboa kitundu akatia sumu. Kwa hiyo nilisema: kikande akiingia demani, arudishwe.

Mzee mmoja mwenye madema mengi kuliko wote akanitazama kwa upole. "Binti yangu, kikande siku hizi ndiye anayeingia. Ukiniambia nimrudishe, unaniambia nirudi na dema." Nilikuwa sina jibu, na sikujifanya ninalo. Tukaishia hapa: madema yasitegwe karibu na vichaka kumi na viwili, watayasogeza upande wa mchanga. Si kikande wote, ni wale wa pale. Nadhani ni mapatano ya haki kuliko niliyokwenda nayo.

La nne likatoka kwa nahodha mwenyewe, na ndilo lililonifurahisha. Alitukumbusha usiku wa Desemba, konokono walivyokuja kwenye kidonda. Akasema wiki iliyopita alivunja tawi kwa pondo bila kukusudia, akaweka kibao cha alama ili aone. Kesho yake asubuhi konokono tisa walikuwa wamezunguka palipovunjika. "Sisi wenyewe tunawapigia mbiu," alisema. Pondo, nanga ya jiwe, kijiti cha kuchokolea pweza: kila kimoja hufungua mlango. Sasa kuna boya la dumu la njano la kufungia vyombo, limefungwa kwenye jiwe lililokufa. Bibi alisema kijiti chake hakijavunja tumbawe tangu hajazaliwa mama yangu. Hakuna aliyembishia.

Jioni hiyo tulikuta kwenye shina la uzi wa bluu vifuko vipya, vyeupe kabisa, jike bado yuko juu. Kumi na viwili. Hivi hatuvikwangui. Nimeomba tuviache makusudi, vya kujifunzia, tujue ni siku ngapi.

14 Februari

Vimeanza kugeuka. Rangi ya chai ya maziwa.

Doa la uzi wa bluu lilikuwa limefika karibu na ncha mwezi wa kumi na mbili. Tangu tuondoe wakubwa hapo mwishoni mwa Desemba halijapanda. Kwenye ukingo nyama mpya imeanza kujitandaza juu ya jiwe, upana wa uzi wa kushonea, rangi ya hudhurungi hafifu. Sehemu ya chini, ilikoota mwani, hairudi.

Kwenye vichaka vingine kumi na moja akina mama wameondoa wachache kuliko nilivyotegemea. Bibi anasema ukishawatoa wakubwa mara mbili, wanaokuja ni wapitao njia. Wadogo wa chini ya sentimita moja mpaka sasa ni saba. Nitaendelea kuwapima hao kuliko wengine wote; wakiongezeka mwakani, neno nililolifuta nitaliandika upya.

2 Machi. Bamvua la mwezi mwandamo wa Ramadhani

Tumeenda watatu tu, wengine wamefunga na jua ni kali. Nahodha amefunga pia, lakini alikuja, na alinieleza sababu kila baada ya robo saa.

Tulipopita karibu na Misali alinisimulia tena kisa kile cha Nabii Khidhri alipokosa msala wa kuswalia, akakifanya kisiwa kuwa msala wake kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Nakijua tangu utotoni. Nilimwacha asimulie.

Shina la uzi wa bluu. Vifuko vyote kumi na viwili vimefunguka kitundu kimoja juu, duara safi, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Ndani hamna kitu. Siku thelathini, siku moja zaidi au pungufu. Nilitia kidole majini kuona yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda kaskazini.